Mazabodi Haijafa, Acheni Kuizika!

Leo hakuna somo la programu. Leo nataka kugombana na sentensi moja tu, nayo ni hii: "Mazabodi imeungua."

Mnaijua. Kijana amedunduliza pesa miezi kadhaa, amenunua kipande kimoja kimoja pale Luthuli, akaunganisha kompyuta yake ya kwanza nyumbani. Anabonyeza kitufe. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Anaibeba hadi kwa fundi. Fundi anachungulia dakika mbili, anatikisa kichwa, anatoa hukumu. Hakuna kipimo, hakuna swali, hakuna ushahidi. Imeungua, leta pesa ya nyingine.

Huo si ufundi jamani, ni ramli. Tena ramli ghali, kwa sababu mazabodi ndicho kipande chenye kazi kubwa zaidi kubadilisha, na ndicho kinachopaswa kulaumiwa mwisho, baada ya vingine vyote kupimwa.

Hebu tuanze na malalamiko yenyewe. "Kompyuta haiwaki" ni magonjwa matatu yaliyopewa jina moja. La kwanza, unabonyeza na hakuna kinachotokea kabisa. La pili, feni zinazunguka lakini hakuna picha. La tatu, picha ipo, ila inakwambia haioni diski ya kuanzia. Hilo la tatu si la kumpeleka mtu kununua mazabodi! Mashine imeshajikagua, inatafuta tu mfumo wa kuiendesha. Pengine hujausakinisha bado, au waya wa diski umelegea.

Ugonjwa wa pili ndio unaoliza wengi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana dawa zake nyingi hazigharimu hata shilingi.

Karibu na prosesa kuna soketi ya umeme, mara nyingi ya pini 8, mbali na ile kubwa ya pini 24. Ukiisahau, feni zitazunguka vizuri tu lakini prosesa haitapata umeme wake. Dawa: chomeka waya. Bei: bure.

Prosesa kama Core i5-12400F haina sehemu ya kuchora picha. Ndiyo maana ya hiyo F mwishoni. Ukichomeka monita kwenye mazabodi badala ya kadi ya grafiki, utakodolea giza macho hadi kesho. Dawa: hamisha waya. Bure.

Kijiti cha RAM kisipoingia hadi kikalia "tak", ni kama hakipo. Na kama una vijiti viwili kwa nafasi nne, mazabodi nyingi hutaka nafasi ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwa prosesa. Dawa: chomoa, rudisha kwa nguvu ya kutosha. Bure.

Mashine za AM5, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2022 na RAM ya DDR5, zikiwashwa mara ya kwanza huipima RAM hiyo na zinaweza kukaa gizani dakika kadhaa. Dawa: subira. Nayo ni bure.

Kisha kuna hili linalowapata hata wajuaji. Unanunua mazabodi ya B450 iliyotoka kiwandani mwaka wa 2018, unaipandikizia Ryzen 5 5600 ya mwaka wa 2022. Soketi ni ileile, AM4, inaingia bila shida. Lakini kama BIOS haijawahi kusasishwa, mazabodi haiitambui prosesa hiyo. Zote mbili ni nzima! Dawa ni kusasisha BIOS, na mazabodi nyingine zina kitufe cha kufanya hivyo kwa fleshi bila hata kuweka prosesa. Ukiuziwa mazabodi nyingine yenye BIOS ya zamani vilevile, umenunua tatizo moja mara mbili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mashine yenyewe husema. Tangu IBM PC ya mwaka wa 1981, kompyuta hujikagua kabla ya kuanza kazi, na ikikwama hulia milio. Siku hizi mazabodi nyingi zina taa nne ndogo: CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki ikiwaka ndiyo inayokuonyesha pa kutazama. Kama yako haina taa, tafuta kile kispika kidogo cha milio, kisha soma maana ya milio kwenye kijitabu kilichokuja na mazabodi. Ndiyo, kile kijitabu ulichokiacha kwenye boksi.

Sisi waandishi wa programu, msimbo ukigoma hatusemi lugha imekufa. Tunapunguza hadi kibaki kidogo kinachofanya kazi, kisha tunaongeza kimoja kimoja. Fanya hivyohivyo. Chomoa umeme ukutani, toa mazabodi ndani ya kasha, iweke juu ya boksi lake la katoni. Acha prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha RAM, pawa saplai, na kadi ya grafiki ikiwa tu prosesa haina picha. Rudisha umeme, gusisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka, mgonjwa huenda ni kasha: kitufe kibovu, au nguzo ya skrubu inayogusa mgongo wa mazabodi. Isipowaka, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikawaka, hujajifunza chochote.

Sisemi mazabodi haziungui. Huungua. Kuna pawa saplai za bei nafuu zenye swichi ya volti 115 na 230. Iache kwenye 115 kisha uichomeke kwenye volti 240 za Kenya, utasikia mlipuko. Lakini hata hapo, anza kwa kupima pawa saplai.

Najua mafundi watanijibu: mteja hataki kulipia uchunguzi. Ni kweli, na hapa lawama ni yetu. Tunalipia kipande, hatulipii akili, kisha tunashangaa tunapouziwa vipande. Basi lipia uchunguzi. Kubali kutoa pesa hata fundi akikwambia ulisahau waya mmoja, kwa sababu amekuokolea bei ya mazabodi nzima.

Lakini ukishalipa, dai haki yako. Akisema imeungua, mwambie neno moja tu: "Nionyeshe." Taa ipi ilibaki inawaka? Alijaribu RAM ipi nyingine? Pawa saplai ipi? Fundi wa kweli atakuonyesha, tena kwa furaha. Asiyeweza kukuonyesha, beba kompyuta yako uondoke nayo.