Mwenye Kuumwa Ndiye Mwenye Siri

Sisi wauguzi tunafungwa na siri ya mgonjwa. Lakini siku hizi kadi ya kliniki hupigwa picha nyumbani, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla ya jua kutua Lulindi imeshasomwa Masasi na Newala. Mtumaji aliomba sala tu. Mgonjwa, kwa aibu, huacha kuja kuchukua dawa. Hapo ndipo tunapompoteza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Basi, tuendelee kujuliana hali na marafiki wa simu, tuombeane, ila ugonjwa wa mtu tusiutaje kabla ya kumwuliza mwenyewe.