MABATI MATUPU SI NYUMBA



Wenye nyumba hutuambia ya kuwa mabati ni maendeleo, basi tulipe kodi na tushukuru. Hatusemi turudi kwenye nyasi. Nyasi huvuja na kushika moto, na bati hudumu miaka mingi. Lakini bati tupu lisilo na dari ni mzigo uliotolewa mfukoni mwa mwenye nyumba ukatwikwa kichwani mwa mfanyakazi.

Mtazameni mtu wa zamu ya usiku. Yeye hulala mchana, wakati jua linapochoma. Bati huchemka, na likishika kutu huzidi kunywa joto, na joto hilo humshukia kitandani. Jioni mtu huyo huyo aenda kugeuza reli na kushika taa ya ishara, macho mazito. Ajali ikitokea ataulizwa yeye, paa halitaulizwa.

Tena kuna maji. Bati ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa, na zinki ndiyo inayozuia kutu. Kila mvua huichukua kidogo kidogo. Hapa Nairobi huingia mitaroni, ikafika Mto Nairobi na Mto Ngong, kisha Mto Athi. Zinki kidogo isiyomdhuru mtu huweza kuua viumbe vya majini. Na paa likipakwa rangi yenye risasi, hatari ni ya watoto wetu wanaokunywa maji ya paani, kwa maana risasi huharibu akili ya mtoto hata ikiwa kidogo.

Tusidanganywe na sifa. Asbesto nayo ilisifiwa sana, na unga wake ukaharibu mapafu ya watu, hata Kenya ikaipiga marufuku mwaka 2006.

Basi kamati zetu zidai mambo matatu. Kwanza, dari na matundu ya hewa katika kila nyumba ya mfanyakazi. Pili, paa lipakwe rangi nyeupe isiyo na risasi, kwani rangi nyeupe hurudisha joto la jua. Tatu, mabati mabovu yasitupwe mitoni. Yakusanywe, maana chuma huyeyushwa kikatumika tena.

Hii si anasa. Injini hupewa maji isichemke. Mtu naye apewe dari.

Wanachama, lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi. Umoja ni nguvu.