Mufuko wa kripto: namba ya ku ekra haiko hesabu yote

Ku Musompo, pembeni ya Kolwezi, hakuna mutu anauzisha mufuko wa mawe kwa kuangalia kilo tu. Wanaweka ku balanse, kisha wanapita na Metorex kwa kupima teneur, njo bei inatoka. Kilo 100 za mawe ya teneur ya chini zinaweza kuleta makuta kidogo kuliko kilo 50 za mawe ya muzuri. Ile wachimbaji wote wanajua. Lakini tukirudia ku nyumba na kufungua mufuko wa kripto mu telefone, tunasahau. Tunaona namba ku ekra, tunasema: « Niko na dolari 800. »

Hii haiko mambo ya Ulaya tu. Kwa miaka mingi, vijana wa mu cité zetu walikuwa wanabonyeza telefone kila siku kwa « kuchimba » Pi. Tarehe 20 Februari 2025, Pi ikafunguliwa kwa masoko ya inje. Mu siku chache bei ilipanda karibu na dolari 3. Mbele mwezi wa Machi uishe, ilikuwa tayari chini ya dolari 1. Mwenye alihesabu utajiri wake ku siku ya bei ya juu, alihesabu makuta yenye hakukuwa nayo mu mukono. Tena Pi zote haziko sawa: kuko zenye unaweza kutuma leo, kuko zenye zinangojea mwenyewe ahakikishwe kama ni yeye kweli, na kuko zenye mwenyewe alikubali kufunga, hata kwa miaka 3. Zenye zimefungwa haziwezi kulipa minerval ya mutoto mu Septemba.

Kuko pia kitu chenye hakionekane ku ekra lakini kiko na bei: historia ya mufuko. Mu Septemba 2020, Uniswap, soko moja la kubadilishia kripto, iligawa tokeni 400 za UNI kwa kila adrese yenye ilikuwa imelitumia mbele ya tarehe 1 ya ule mwezi. Mufuko wenye ulikuwa mutupu ulipata vitu vya zaidi ya dolari 1.000, juu tu ulikuwa umefanya kazi zamani. Ni sawa vile mutu mwenye anajulikana ku depo: leo hana jiwe hata moja, lakini jina lake liko na uzito.

Siye tunasema: ile ni bahati, haiko mushahara. Hakuna mutu anaweza kuiandika mu hesabu mbele ifike. Na mutu akikuuzishia « mufuko wa zamani » juu ya historia yake, uulize: maneno ya siri yake nani anayabakia nayo? Mwenye aliufungua anaweza kuwa ameyaandika fasi ingine. Kesho anaingia, anatosha yote.

Tena angalia upande wa madeni. Mufuko unaweza kuwa umeweka mali yake rehani ku mukopo. Ao mwenyewe alibonyeza « nakubali » na akapatia programu ya watu asiowajua ruhusa ya kutosha tokeni zake. Na tokeni zenye zinaingia zenyewe, bila wewe kuomba, mara mingi ni mutego: ukijaribu kuziuzisha, wanakupeleka fasi yenye utatia ile ruhusa.

Lakini kitu cha kwanza mu bei ya mufuko ni ufunguo. Ile ni maneno 12 ao 24. Stefan Thomas, fundi wa programu ku Marekani, alikuwa na bitcoin 7.002. Alisahau neno la siri la kifaa mwenye aliweka ufunguo. Kifaa kilimupa nafasi 10 za kujaribu, alikosea 8. Dunia yote inaona zile bitcoin. Kwake, ni zéro.

Kwetu ile swali iko nzito zaidi. Baba anashuka mu shimo asubui. Siku moja udongo unaanguka. Kwa makuta ya mu simu, mujane anaweza kwenda ku ajanse na karatasi za kifo na kuomba. Kwa mufuko wenye ufunguo uko mu kichwa ya baba tu, hakuna ajanse, hakuna chef, hakuna tribunal yenye inaweza kuufungua. Na kama baba aliacha kripto mikononi mwa kompani, jamaa itategemea ile kompani. Mu Novemba 2022 FTX ilifunga mulango, na watu wakangojea miaka kwa kulipwa.

Basi, ku juma hii, mukae bibi na bwana, mukamate karatasi. Muandike: nini tunaweza kuuzisha leo, kwa bei ya leo? Nini imefungwa, mupaka lini? Deni gani ao ruhusa gani tulipatiana? Maneno ya siri yako wapi? Muyaandike kwa mukono, fasi mbili tofauti, hapana foto, hapana WhatsApp. Na mutu mumoja wa kuaminika ajue fasi, hata kama hajue maneno. Swali lenye linakosa jibu, pale muandike zéro. Jumla yenye itabakia, njo munaweza kuitumainia.