Mtandao na Darasa: Ushuhuda wa Wanafunzi wa Udaktari

Kuhusu mafunzo ya mtandaoni, wako wasemao kwamba yataondoa haja ya darasa, na wako wayaonao kuwa upuuzi mtupu. Katika ubishi huo, anayesahaulika ni mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo inafaa tuwasikilize wanafunzi wa fani inayofanana na yetu kwa jambo moja kubwa: wanafunzi wa udaktari, ambao kama sisi wataaminiwa uhai wa watu wengine.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea Uingereza, wanafunzi wa udaktari waliondolewa wodini na masomo yao yakahamishiwa mtandaoni. Mwezi Mei mwaka huo waliulizwa maoni yao, wakajibu wanafunzi 2,721 kutoka vyuo 39. Walisifu hasa uhuru wa kujipangia muda. Hata hivyo, asilimia 27 hivi walitaja usumbufu wa nyumbani, na asilimia 22 hivi udhaifu wa mtandao. Kwa jumla hawakuyaona mafunzo hayo kuwa ya kuvutia, na nafasi ya kuuliza maswali ilikuwa finyu.

Lalamiko hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Majina ya mifupa yaweza kusomwa kwenye skrini usiku wa manane. Lakini kupapasa tumbo la mgonjwa ili kutambua ini lililovimba hakujifunzwi kwa kutazama tu. Hapana budi mkufunzi awe kando, auone mkono wa mwanafunzi na kuusahihisha papo hapo. Maarifa huweza kusafirishwa, stadi husahihishwa.

Katika ualimu mambo ni hayo hayo. Hatua za ukuaji wa mtoto mwanachuo aweza kuzisoma kwenye simu. Lakini mtoto akiulizwa 42 kutoa 17 akaandika 35, mwalimu afanyeje? Mtoto huyo hakukisia. Ametoa 2 katika 7 kwa kuwa hakujua kuchukua kumi. Kulitambua kosa hilo, kumwita mtoto, kumpa vijiti avifungue fungu la kumi, na wakati huo huo kuwaangalia wenzake themanini, ni stadi isiyopatikana ila mbele ya watoto, mkufunzi akiwa ameketi nyuma ya darasa.

Kufunza walimu kwa mbali si jambo geni Tanzania. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilihitaji walimu wengi wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Kuanzia mwaka 1976 vijana walifunzwa kwa masomo ya posta na redio, na zaidi ya 35,000 walihitimu. Lakini posta na redio havikuachwa vifanye kazi peke yake: vijana hao walifundisha darasani chini ya usimamizi huku wakisoma. Waliopanga mafunzo hayo walijua mpaka wa chombo chao.

Maoni yangu, basi, ni haya. Nadharia ipelekwe mtandaoni kila inapowezekana, na saa zitakazookolewa zirudishwe kwenye kufundishana chuoni na kwenye Mazoezi ya Kufundisha. Hatari ni kufanya kinyume chake: kutumia mtandao kama kisingizio cha kupunguza siku za mazoezi na safari za wakufunzi mashuleni, kwa kuwa ndizo zenye gharama. Gharama hiyo haitapotea. Atailipa mtoto wa Darasa la Pili ambaye 35 yake itatiwa alama ya kosa tu, bila mtu kujua ilitoka wapi.

Nanyi wanachuo, msiusubiri uongozi wa chuo. Mkufunzi anapokuja kuwakagua, msifurahie ukaguzi mfupi. Mwombeni akae hadi kengele, kisha mwulizeni alichokiona. Kuuliza si ujinga, na nafasi hiyo ndiyo wenzenu wa Uingereza walioikosa.