Mkono Uliotenda Pasipo Hiari

Kanuni ya Adhabu ya Kenya katika kifungu cha 9, na ile ya Tanzania Bara katika kifungu cha 10, zasema kwa maneno yanayokaribiana sana kwamba mtu hana dhima ya jinai kwa tendo lililotukia pasipo hiari yake, ila pale sheria iliposema vingine juu ya uzembe. Maneno hayo yaliingia nchini mwetu mwaka 1930, na asili yake ni kanuni aliyoitunga Samuel Griffith huko Queensland, Australia, ikapitishwa mwaka 1899. Lakini maana yake haikuwa ngeni pwani, ambako mafakihi wamesomesha tangu kale kwamba aliyelala haandikiwi dhambi kwa alitendalo usingizini, ijapokuwa akijigeuza akamlalia mtoto hata akafa, diya hudaiwa.

Wapo wanaoogopa kwamba mlango huu ukiwa wazi kila muuaji atapita akidai kuwa fahamu zilimtoka. Hofu hiyo haina mashiko. Mahakama haikubali neno tupu la mshtakiwa. Sharti kwanza iwepo dalili, na aghalabu dalili hiyo ni ushahidi wa daktari, ndipo upande wa mashtaka ulazimike kuivunja. Tena kusahau si sawa na kukosa hiari, kwani mwenye hasira aweza asikumbuke alilolifanya, ilhali alilifanya kwa kukusudia. Mlevi naye ana kifungu chake. Na dereva aliyesinzia kwenye usukani hajifichi humu, maana usingizi haumjii mtu bila ya kupiga hodi, na taksiri yake ni kule kuendelea kuendesha baada ya kusikia hodi ile. Ndivyo ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1945, na sioni kwa nini dereva wa basi la usiku ahukumiwe kwa njia nyingine.

Shida iko penginepo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la Quick, mwuguzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili, mwenye maradhi ya sukari, aliyeshtakiwa kwa kumpiga mgonjwa aliyepooza. Siku hiyo alikuwa amejidunga insulini, akanywa pombe, wala hakula chakula cha kutosha, sukari ikamshuka mwilini. Majaji walisema kilichomharibia fahamu ni dawa, kitu kilichotoka nje ya mwili wake, kwa hiyo hakuwa mwendawazimu. Hatia yake ikafutwa. Mwaka 1989 akaja Hennessy, mwenye maradhi yale yale, aliyekamatwa na gari la wizi. Yeye hakujidunga insulini kwa siku kadhaa, sukari ikampanda, na kwa kuwa sababu ilitoka ndani ya mwili wake, mahakama ikanena kuwa utetezi wake ni wa wazimu. Basi, wagonjwa wawili wa maradhi mamoja hutenganishwa na sindano: aliyejidunga ana akili timamu, asiyejidunga ni mwendawazimu! Mwenye kifafa hali yake ni mbaya zaidi, maana mshtakiwa mwingine wa huko huko, Sullivan, aliyempiga mateke rafiki yake mzee alipokuwa katika kifafa, alipoona utetezi wake utaitwa wazimu, aliona afadhali kukiri kosa asilolikusudia.

Wala jina hilo si neno la kupuuzwa, kwa kuwa aliyeonekana mwendawazimu mahakamani huenda asirudi nyumbani. Hapa Tanzania aweza kupelekwa Isanga, Dodoma, akazuiliwa pasipo kuambiwa siku ya kutoka.

Nakiri kwamba majaji wale wa Uingereza walikuwa na sababu, nayo ni usalama wa umma, maana maradhi ya ndani huweza kurudi na kumdhuru mwingine. Hoja hiyo ni nzito, lakini haihitaji kumwita mgonjwa wa sukari mwendawazimu. Kama alijua hali yake akapuuza dawa, ashtakiwe kwa uzembe, ambao kifungu chenyewe kimeuacha nje ya kinga. Kama hakujua wala hakuwa na njia ya kujua, insafu yataka aachiliwe. Kifungu chetu chauliza habari ya hiari tu, wala hakiulizi kama sababu ilitoka ndani au nje. Kwa rai yangu, hukumu ya Hennessy isifuatwe Nairobi wala Dar es Salaam.