Sakafu ya Bafu Iliyopasuka

Juma hili twaingia mahali ambapo mgeni hakaribishwi kuketi, yaani bafuni. Bati likivuja, nyumba nzima hulalamika. Lakini sakafu ya kuogea hupasuka kimya, na wenye nyumba huuzoea ufa wake mpaka siku mama mzee atakapoteleza.

Tumfikirie baba mmoja wa Kalengera, katika barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru. Nyumba yake ni ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano. Ubavuni amejenga bafu, au dushi kama wasemavyo wenyeji: kuta za mbao, sakafu ya saruji yenye ukingo, na tundu la kutokea maji. Jamaa yote huoga humo kwa ndoo. Sasa sakafu imepata ufa tangu tundu hata ukutani. Jirani amwambia: "Koroga saruji kidogo, paka juu, yamekwisha." Shauri hilo ni la bei nafuu, nasi twalikataa.

Saruji iliyokaa juu ya udongo ulioshindiliwa vema hubeba watu miaka mingi. Lakini maji yakipata kijia chembamba, hupenya chini, huchukua udongo kidogo kidogo na kuacha uwazi. Hapo sakafu yabaki kama daraja lisilo na nguzo. Ili kujua, gonga kwa mpini wa nyundo: mahali palipojaa hutoa sauti nzito, penye uwazi hulia kama ngoma. Saruji mpya ikipakwa juu ya uwazi itapasuka palepale, maana ugonjwa uko chini. Tena nyumba ya mbao ina hatari yake: maji hayo hulowesha boriti zilizolala juu ya msingi. Chomeni boriti kwa msumari. Ukizama kwa kusukumwa na kidole tu, mti umeoza, nao wapasa kukatwa na kubadilishwa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Basi sakafu ya zamani ing'olewe yote kwa tindo na nyundo. Kwanza zibeni bomba kwa kitambaa, vifusi visije vikaingia.

Hapo ndipo lizukapo swali lililo kubwa kuliko saruji: maji haya yaenda wapi? Katika nchi ya Goma si swali dogo. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Maji safi yalikuwa haba, na mwamba wa volkano ulikuwa mgumu hata vyoo visiweze kuchimbwa kwa upesi. Tena mwamba huo unaoshinda sururu umejaa nyufa. Uchafu uingiao humo hausafishwi kama upitapo polepole katika udongo, bali waweza kwenda mbali. Wengine husema, "Maji ya kuogea si maji ya choo." Kweli, lakini mtoto mwenye kuhara huogeshwa wapi?

Penye udongo, chimbeni shimo la mita moja na nusu, mlijaze mawe, mlifunike, nalo liwe mbali na msingi wa nyumba mita 3 walau, na mbali na kisima au chemchemi mita 30. Penye mwamba mtupu, ni afadhali kukusanya udongo na kufanya tuta pana la migomba, maji yaongozwe huko. Migomba hunywa sana. Lisilofaa kamwe ni kuyaacha yatiririke njiani mbele ya mlango wa jirani, jambo ambalo limevunja ujirani mwingi kuliko mbuzi waliokula mahindi.

Sasa sakafu mpya. Shindilieni udongo, mpange mawe madogo, kisha mimine zege ya unene wa sentimeta 8: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mawe meusi mazito yaliyopondwa ndiyo kokoto njema. Yale mepesi yenye vitundu hunyonya maji ya saruji; asiye na mengine ayaloweshe kwanza. Sakafu iteremke kuelekea tunduni sentimeta 2 kwa kila mita, na ukingo wa kuizunguka uinuke kiganja kimoja, ili maji yasifikie mbao. Bomba nalo liwe na shingo iliyopinda, ibakiyo na maji daima kuzuia harufu na mende. Nyumba ikikaa bila watu, maji ya shingoni hukauka. Jamaa nyingi zilizorudi Rutshuru mwanzoni mwa mwaka 2025 kutoka kambi za Goma hazihitaji kufundishwa nyumba iliyoachwa huwaje. Kikombe cha maji tunduni chatosha kuirudisha kazini.

Mafundi wengine hupenda kusugua saruji kwa mwiko mpaka ing'ae. Huo ni uzuri wa sebuleni. Bafuni pitisheni ufagio juu ya saruji mbichi, iwe na mikwaruzo midogo ya kushika nyayo.

Aliye na maji ya bomba ndani ya nyumba huenda akawa na sinia la kuogea la dukani, la chuma au la plastiki. Nalo hupasuka kwa sababu ile ile: limewekwa juu ya miguu au matofali machache, katikati hamna kitu. Likibadilishwa, jipya lilazwe juu ya saruji yenye unyevu kidogo iliyoenea chini yake lote, na kupimwa kwa pimamaji kabla haijakauka. Kisha mwagieni ndoo kadhaa, mngoje saa nzima, mkitazama maungio ya bomba. Mkisha kuona pakavu, ndipo mzibe pengo kati ya sinia na ukuta. Na siku ya kuziba sinia liwe limebebeshwa uzito, kama ndoo chache zilizojaa, mpaka dawa ya kuzibia ikauke. Bila hivyo, mtu wa kwanza kusimama humo atalibonyeza, na kile kilichozibwa kitaachana na ukuta.

Kwa baba yetu wa Kalengera, aogaye kwa ndoo, sinia la dukani ni gharama ya bure. Zege yake itamtosha. Lakini aifunike kwa magunia na kuyalowesha siku 7, asubuhi na jioni, na watoto wasikanyage. Kwa juma hilo jamaa waoge nyuma ya turubai kando ya migomba. Na kabla ya kufunga kazi, mti mgumu wa kushikia upigiliwe kwa misumari mirefu kwenye nguzo ya ukuta, usipigiliwe kwenye ubao mtupu, katika kimo cha mkono wa mama mzee.