Mkweche, mvua na hizo haraka zako!

Wenye magari, wenye kupewa lifti na sisi tunaogombania daladala, leo wote tukae benchi moja. Nina kisa na nina somo. Katikati utacheka, lakini mwanzo wake haucheki mtu.

Masika yaliyopita hapa Bongo tulikuwa wanne ndani ya mkweche wa mshikaji wangu mmoja, jina kapuni. Saa mbili usiku, mvua inamwagika kama mtu kapindua ndoo. Waipa moja inafanya kazi, mwenzake kajifia zamani. Muziki je? Aaa, muziki ulikuwa bomba! Spika mbili kubwa nyuma, mdundo mpaka vioo vinatetemeka. Tunateremka kuelekea Jangwani, mara dimbwi hili hapa. Jamaa akakanyaga breki. Gari halikusimama, liligeuka. Likageuka tena. Lilipotulia tulikuwa tunatazama tulikotoka, na pembeni yangu, kama hatua mbili hivi, kasimama mama mmoja na mtoto mgongoni. Mwavuli mkononi, mdomo wazi, sauti haitoki.

Mshikaji akafuta jasho, akasema: "Dah, bahati mbaya. Mvua tena, si unajua."

Kesho yake mchana nikaenda kuziangalia zile tairi. Vipara vitupu! Ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Nikamwambia, akanicheka. Akasema hana mshiko, na mkweche ni mkweche tu, hata ufanyeje. Na mimi mdogo wangu wa kike anapanda gari hilo hilo kila asubuhi kwenda kazini. Unaona kasheshe ilipo?

Sasa huko kwenye kusema "mkweche ni mkweche tu" ndiko nilikomkamata. Juzi niko kwa kinyozi wetu, kaniwekea video kwenye simu: magari chakavu kama mia hivi yanakimbizana kwenye mvua huko Marekani. Mengine yamepakwa rangi kama ng'ombe, mengine yana masanamu juu ya paa. Nikadhani ni vichekesho. Kumbe ni mbio kweli, tena zina sheria kali kuliko shule ya bweni!

Ziko hivi. Ufaransa kuna mbio kubwa za saa 24 za Le Mans, zilizoanza mwaka 1923, za makampuni yenye mapesa. Wamarekani nao gari kimeo huliita limau. Basi mwandishi mmoja wa habari za magari, Jay Lamm, akachanganya hayo mawili akapata 24 Hours of LeMons. Mbio za kwanza zilifanyika California mwaka 2006. Sharti lake kuu: gari lako lote lisizidi dola 500. Majaji wanalikagua, na ukionekana umechomeka njuluku za ziada kwa siri, kila dola 10 zilizozidi unakatwa mzunguko mmoja. Majaji wenyewe wanavaa majoho na mawigi, na wanapokea "rushwa" hadharani kwa utani, kisha gari lako linapigwa muhuri kwamba limehonga. Mwaka 2013 polisi mmoja wa Washington alileta bodi ya ndege aina ya Cessna ameivisha juu ya gari dogo la Toyota, na ikakimbia!

Lakini sikiliza hapa, mshikaji wangu, maana hapa ndipo ninapokutaka. Zile dola 500 hazihesabu vitu vya usalama. Breki, tairi, mkanda wa mbio, kiti, kizimba cha mabomba ya chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka, nguo zisizoshika moto haraka, hivyo vyote nunua kwa bei yoyote, hakuna atakayekuuliza. Umenielewa? Watu waliokaa chini kutunga mbio za kimasikhara, za magari ya kutupwa, walipofika kwenye tairi na breki wakaacha masikhara. Gari ruksa kuwa kimeo. Tairi si ruksa.

Haya, mvua ikinyesha inakuwaje? Mbio zinaendelea. Kwa kawaida zinagawanywa Jumamosi na Jumapili, madereva wanapokezana, na mshindi ni aliyezunguka mara nyingi zaidi, basi. Hakuna cha nani kapita kwa mbwembwe. Na hapo ndipo wenye injini kubwa wanapolia. Kwenye lami kavu jamaa mwenye nguvu anawaacha wenzake, lakini kwenye maji nguvu zile zile zinamzungushia tairi za nyuma na kumtupa majanini. Kigari kidogo kinachovutwa na tairi za mbele, kisicho na nguvu za kumshinda hata bodaboda, kinapita taratiibu kinampungia mkono.

Akitoka nje ya barabara, akizunguka au akimgonga mwenzake, anaonyeshwa bendera nyeusi. Anaingia ndani kwa majaji kujieleza. Zamani wengine walipewa adhabu za kuchekesha, mfano kuchomelewa sanamu la chuma juu ya paa na kulizungusha hivyo hivyo uwanjani. Adhabu yenyewe hasa ni muda. Tupige hesabu ya mfano: kila mzunguko ni dakika 3. Wewe muoga unapoteza sekunde 5 kila mzunguko. Kwa saa moja mizunguko ni 20, umepoteza sekunde 100. Kwa saa sita, sekunde 600, yaani dakika 10, mizunguko mitatu na kidogo. Yule bingwa kazunguka mara moja tu, kakaa kwa majaji nusu saa. Mizunguko 10 imekwenda! Nani muoga sasa?

Wale jamaa wana ujanja wao wa mvua, na mwingi unafaa hata huku kwetu kwenye foleni. Kwanza, tairi moja inagusa lami kwa eneo la kama kiganja chako tu. Viganja vinne ndivyo vinavyokushikilia wewe na abiria wako. Ile mistari iliyochongwa kwenye tairi si urembo, ni mifereji ya kuyatoa maji. Ikiisha, maji hayana pa kwenda, tairi inapanda juu yake, na kuanzia hapo unaendesha mtumbwi. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, na breki ni kama umekanyaga hewa. Uingereza sheria inataka mifereji isipungue milimita 1.6, na hicho ni kiwango cha mwisho kabisa.

Pili, kwenye mbio, ile njia ambayo kila mtu anapita kukiwa kavu ndiyo inayoteleza zaidi kukilowa, kwa sababu imejaa mabaki ya raba na mafuta. Wajanja wanahama, wanapita pembeni kwenye lami iliyokwaruza. Kwetu huku tafsiri yake ni hii: dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya, kwenye vituo vya daladala kuna mafuta yaliyodondoka mwaka mzima, na rangi nyeupe ya pundamilia ikilowa ni sabuni.

Tatu, ukungu. Wengine huko walitoa kila kitu ndani ya gari ili liwe jepesi, pamoja na kile kipuliza hewa ya moto kwenye kioo. Mvua ilipokuja kioo kikaziba, wakawa wanaendesha kwa kuchungulia kama mwizi. Kuona kwanza, mbwembwe baadaye.

Nne, hakuna kushtua gari. Usukani polepole, mafuta polepole, breki mapema gari likiwa limenyooka. Ukishaingia kwenye dimbwi umechelewa: achia mafuta taratibu, shika usukani wako sawa, subiri tairi ziguse ardhi tena. Mshikaji wangu alifanya kinyume chake chote kwa sekunde moja.

Na msije mkasema haya ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu Afrika Mashariki walikuwa na Safari Rally tangu 1953, na kwa miaka mingi iliyofuata ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yamekolea. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vile vile! Mkenya Joginder Singh alikuwamo kati ya waliomaliza mara zote mbili. Na aliposhinda mwaka 1965, alishinda na Volvo iliyokwisha kutumika. Mtumba, jamani! Kwa hiyo gari kuukuu halikuwa kisingizio hata wakati huo, na tope lilikuwa tope hasa.

Hayo yote nikamshushia mshikaji kijiweni, mbele ya masela. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba mdogo wangu hapandi tena gari lake mpaka tairi zibadilike, na mimi pia sipandi, hata iwe mvua ya mawe. Akanuna. Siku tatu hatukusalimiana, na nilitembea kwa miguu toka kituoni, viatu vimejaa maji, huku nikijiuliza kama nimepoteza rafiki kwa ajili ya raba.

Jumamosi jioni nasikia honi nje. Jamaa huyo! Kimya, hakuna mdundo. Zile spika kaziuza. Kashuka kanishika mkono, kanipeleka mbele ya gari: tairi mbili mpya, mifereji inaingia ncha ya kidole. "Umefurahi sasa? Za nyuma mwezi ujao."

Nilimkumbatia, sikatai. Halafu nikamwambia arudi gereji kesho asubuhi, azihamishie nyuma. Akaniangalia kama nimepagawa. Lakini ndivyo wataalamu wa tairi wanavyoshauri: ukiwa na mbili tu nzuri, ziweke nyuma, maana mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja na unalihisi kwenye usukani, ila nyuma ikiteleza ndiyo kule kugeuka, tena bila taarifa. Kama tulivyogeuka sisi. Na mpaka zile vipara zitoke, kwenye mvua gari lilale nyumbani.

Alicheka, kisha akanyamaza. "Yule mama," akasema, "namuota." Mimi pia, nikamjibu.

Jumapili zilihamia nyuma. Mdogo wangu bado anapanda daladala mpaka mwezi ujao, na mwenye gari mwenyewe hakubisha. Wewe je, lini mara ya mwisho uliinama ukaangalia tairi zako? Usinijibu mimi, kajibu mwenyewe uvunguni mwa gari. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!